Mkufu Usio na Saa

Shaba ina harufu, wenzangu. Anayesema shaba hainuki hajawahi kulala utotoni uso wake umebanwa kwenye shingo ya mama aliyevaa shaba za masikio. Ni harufu ya jasho, ya siagi na moshi wa kuni, na chini yake kitu kichungu kinachobaki vidoleni hata ukinawa. Juzi nilifungua kopo la tumbaku lililokuwa chini ya kitanda cha marehemu mama, harufu ile ikanipanda puani, na mimi hapa, mtu mzima wa wajukuu tisa, nikakaa sakafuni nikalia mpaka mke wa mwanangu akaja mbio akidhani nimeanguka.

"Nimeanguka wapi? Niache nilie," nikamwambia.

Ndani ya kopo mlikuwa na vitu viwili: mkufu wa saa ya mfukoni, na kikebe kidogo cha bati. Saa yenyewe haimo. Haikuwahi kuwemo.

Ninyi wa rika langu mnavikumbuka vile vikebe. Kila mwanamume aliyekuwa akifanya kazi alitundikwa kimoja shingoni kwa kamba, na ndani yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, kipande chake, yenye alama za vidole na majina ya mabwana aliowatumikia. Ukikutwa njiani bila hicho, mali ya askari. Wanaume walikichukia kikebe kile, wakasema wamevishwa kengele kama mbuzi. Lakini mimi nilikuwa mtoto, nani angekuja kunieleza? Niliona mama ana shaba zake masikioni. Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na zake, nzito kuliko za mama. Mimi nilikuwa na bangili moja ya shaba mkononi. Basi niliona ni haki baba naye awe na pambo lake, na nilidhani Wazungu walimpa kwa sababu yeye ni mzuri kuliko baba za wengine. Ole wake mtoto aliyebisha!

Tulikaa upande wa Sosiot, na baba alikuwa mwendesha magari ya ng'ombe. Alichukua masanduku ya majani chai kutoka shambani kwa Mzungu hadi stesheni ya Lumbwa, siku mbili barabara ikiwa kavu, siku nne ikiwa matope, na kwetu ni lini barabara ilikuwa kavu? Aliporudi alinuka ng'ombe na mvua. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa na kovu lililokata katikati, mnyororo wa nira ulikuwa umekibana siku moja mtelemkoni. Nilipenda kulishika kovu hilo akinisimulia habari za stesheni.

Stesheni masta alikuwa Mhindi mwenye koti jeusi. Baba alisema mtu yule anasimama ukumbini, anauvuta mkufu, saa inatoka mfukoni, anaitazama, basi gari moshi linakuja.

"Akivuta tu, linakuja?" nikamwuliza.

"Linakuja. Siku nyingine anavuta mara tatu, mara nne, lakini linakuja."

Nikalimeza neno hilo jinsi lilivyo. Hakuna aliyeniambia kwamba gari moshi lina saa zake. Mimi nilichoelewa ni kwamba mkufu ule ndio ulioliita, kama tunavyomvuta ndama kwa kamba akaja.

Nadhani baba alimtazama Mhindi yule siku nyingi kuliko alivyosema. Maana siku moja alirudi amevaa kizibao cheusi kilichokuukuu, vifungo viwili hakuna, na juu ya tumbo umelala mkufu. Aliununua kwenye duka la Mhindi Kericho. Oh, ulivyong'aa! Pete ndogondogo, kila moja imeshika mwenzake, na mwishoni kulabu ya kubeba saa. Saa hakuweza kuinunua. Basi alifanya nini baba yangu? Alikitoa kikebe shingoni, akakifunga kwenye kulabu, akakitia mfukoni mwa kizibao pale saa inapokaa. Mama alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Mume wangu, sasa umekuwa Mzungu gani?"

"Wa Sosiot," akajibu.

Soko lilipofika tulikwenda wote. Wakati huo mkufu kama ule uliuona kwa bwana mwenye shamba, kwa karani, na kwa nyapara mkuu tu. Dereva wa ng'ombe kuwa na mkufu! Watu walimzunguka. Wakamwita Bwana Saa, na jina likamshika. Wakimwuliza "Bwana Saa, saa ngapi sasa?" alijinyoosha, akavuta mkufu taratibu, akakitoa kikebe kwenye kiganja, akakitazama jicho moja limefumba, akatazama jua, akasema kwa Kiswahili cha stesheni, "Bado mapema." Jua likiwa utosini, bado mapema. Jua likizama, bado mapema. Watu hoi kwa kicheko.

Nami alinifundisha. Jioni nilimwuliza kwa Kiswahili, maana alitaka nikijue kabla ya watoto wengine, "Saa ngapi, bwana?" Naye akavuta mkufu. "Bado mapema, mama." Hapo nilijua silazwi bado.

Ilikuwa mzaha, ndiyo. Lakini nakumbuka pia kwamba siku zile alipenda kunawa shingo. Kamba ilikuwa imeacha mstari mweusi, naye alisugua pale kwa mchanga, akapaka siagi, akageuza kichwa huku na huku. Mtoto anaona kila kitu, ila hajui anachokiona.

Asubuhi moja mimi na mama tulimpelekea maziwa kwenye uwanja wa magari, kwenye kibuyu. Ng'ombe walikuwa wamekwisha fungwa nira. Nyapara mkuu akaja, naye alikuwa na mkufu wake, wenye saa kweli, aliopewa na bwana. Akasimama mbele ya baba, akamtazama tumboni.

"Wewe. Toa hiyo kitu hapa."

"Kitu gani, nyapara?"

"Usinichezee. Kipande inavaliwa shingoni. Ama wewe ndio stesheni masta siku hizi?"

Watu waliokuwa wakimcheka baba kwa mapenzi sokoni wakacheka sasa kwa namna nyingine. Baba hakubishana. Alikifungua kikebe kwenye kulabu, vidole vyake vikienda polepole. Nyapara akaokota kamba ya katani pale chini iliyofungiwa masanduku, akaipitisha kwenye kikebe, akamfunga baba shingoni kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kidogo ili yule afikie. Kisha akaniona.

Nitawaambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilimchekea. Nilidhani nyapara anamsaidia kuvaa. Niliona heshima iliyoje, mkubwa wa kazi kumvisha baba yangu pambo lake mbele ya watu wote. Nilimchekea kwa meno yote niliyokuwa nayo, naye akageuka akashika kamba ya ng'ombe. Mpaka leo kicheko kile kinanichoma.

Haikuisha wiki, baba akaomba kipande chake kiandikwe kwamba ametoka kazini. Akasema anakwenda upande wa Kakamega, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako mtu anaweza kupata haraka. Kogo akamwambia dhahabu haina maziwa.

Asubuhi ya kuondoka alimketisha mama kwenye kigoda, akauchukua mkufu. Ncha moja akaipachika kwenye shaba ya sikio la kulia, ncha ya pili kwenye la kushoto, mkufu ukaning'inia chini ya kidevu. Wanawake wetu walivaa minyororo hivyo, lakini ya chuma cha fundi wa kijijini. Wa saa hakuna aliyewahi kuuvaa. Mama alikuwa mzuri, jamani. Sisemi kwa sababu ni mama yangu.

"Wewe kaa na mkufu," baba akasema, "mimi naenda kuitafuta saa. Nikirudi tutaviunganisha."

Kikebe alikivaa shingoni kwa kamba ile ile ya katani, maana njia ni ndefu na askari ni wengi. Nikamwuliza, "Saa ngapi, bwana?" Mkono ukaenda tumboni pale mkufu ulipokuwa zamani, ukakosa. Akacheka. "Bado mapema, mama." Akashika njia.

Mwanzoni mama alivimba kichwa kidogo, kwa nini nimfiche? Sokoni alitembea shingo wima ili mkufu ucheze. Mke wa nyapara akamwambia siku moja, "Wa mume wangu una saa yake."

"Na wa mume wangu una saa yake," mama akajibu. "Iko njiani."

Mtu mmoja aliyetoka huko alituletea salamu kwamba baba ni mzima, ameandikwa kazi, anashuka shimoni. Baada ya hapo, kimya. Wimbi likapandwa likavunwa. Likapandwa tena. Waliotoka huko hawakumjua, au walimjua zamani.

Mimi sikuhangaika, kwa sababu nilijua dawa. Mkufu si ulikuwa nyumbani? Jioni mama akiwa ameinama anasaga, nilimvizia nikauvuta.

"Aiii! Wewe mtoto, unataka kuning'oa masikio?"

"Kulikuwa na nzi."

Kesho nzi tena. Keshokutwa nzi. Siku ya nne alinikamata mkono akauliza kisawasawa, nami nikamweleza habari ya stesheni masta, kwamba siku nyingine anavuta mara nyingi lakini gari linakuja. Mama akaacha kusaga. Unga ulikuwa umemwingia kwenye nyusi. Hakunicheka, wala hakuniambia ni ujinga. Jioni iliyofuata, baada ya kukamua, aliniita, akapiga magoti mbele yangu, akaleta kidevu karibu.

"Vuta," akasema. "Lakini polepole."

Ikawa hivyo kila jioni. Navuta mara tatu, polepole, tunatazama njia pamoja, kisha tunaingia ndani. Katika maisha yangu yote nimependwa na watu wengi, nashukuru. Lakini ukiniuliza ni saa gani ningependa kurudishiwa, ni ile, na shingo ile ya mama yenye joto na shaba.

Siku moja kogo alikuja na kitambaa cha amerikani, akakichana vipande virefu vyembamba. Akakaa na mama nyuma ya nyumba. Walizungushia vitambaa vile shaba zao, mama za kogo, kogo za mama, mpaka pasionekane hata mng'ao. Nikauliza kwa nini.

"Zisipigwe na baridi," kogo akasema.

Kwetu Sosiot na ile mvua ya mawe ya kila alasiri, neno hilo liliniingia vizuri. Zinatunzwa, nikawaza, ili baba akirudi azikute zinang'aa. Nikanyoosha mkono wenye bangili. "Na yangu mnifungie."

"Hapana!" wakasema wote wawili kwa mara moja, kwa sauti iliyonitisha. Kisha kogo akataka kuufunga na mkufu, mama akamshika mkono. "Mama, mkufu niachie. Huo mtoto anautumia."

Mgeni alikuja alasiri, mawe ya mvua yakiwa bado meupe kwenye nyasi. Alikuwa mtu wa upande wa ziwani, mrefu, viatu amevibeba mkononi asiviharibu. Hakujua lugha yetu, na mama na kogo hawakujua Kiswahili. Nilikuwa mimi tu. Nikasimama katikati nikijiona mkubwa.

"Hapa ni kwa Bwana Saa?" akaniuliza.

Moyo wangu uliruka! Jina lile, kutoka kwa mtu wa mbali! Nikasema ndiyo.

"Wewe ndiye yule binti wa kuuliza saa." Alitaka kutabasamu, hakuweza. "Mwambie mama mimi naitwa Owuor. Mwambie tulikuwa tunashuka pamoja."

Nikamwambia mama. Nikamwuliza Owuor, "Yeye anakuja lini?"

Akatazama viatu vyake. Akatia mkono kifuani, akatoa kikebe, kamba ya katani bado inaning'inia, akampa mama kwa mikono miwili.

"Mwambie tu nimeleta hii."

Nilipiga kelele za furaha, wenzangu. Nilirukaruka kwenye mawe ya mvua miguu mitupu. Saa imekuja! Nimevuta na imekuja, na mwenyewe yuko nyuma yake! Nikamnyang'anya mama kikebe, nikamwambia ainame nikifunge kwenye kulabu, si baba alisema tutaviunganisha? Nikaishika kulabu iliyokuwa sikioni mwake nikaanza kuifungua. Mama akaifunika mikono yangu kwa mikono yake. Ilikuwa baridi.

"Hapana, Chebet," akasema. "Mwenye kuviunganisha si wewe."

Owuor hakunywa hata maziwa. Alivaa viatu pale mlangoni, akaondoka.

Kogo alimvua mama mkufu kwanza. Kisha akafungua vitambaa, akazitoa shaba, moja baada ya nyingine, na mama akamtolea kogo zake. Hakuna aliyelia kwa sauti nikasikia. Ndewe za masikio ya mama zikabaki zinaning'inia tupu, ndefu, nami sikuwahi kuziona hivyo, nikaogopa kumtazama. Hakuna aliyeniambia kitu. Kwetu neno lile halikutamkwa ovyo mbele ya mtoto.

Kisha kogo akaninyooshea kiganja. "Leta na yako."

Nikaficha mkono nyuma. Nikasema sitoi. Nikasema baba akija nimpokee mkono mtupu, kwa nini? Kogo akanishika, nikamwuma. Ndiyo, nilimwuma nyanya yangu. Akainua mkono kunipiga, mama akasema, "Mwache."

Akanivuta mapajani. Akaokota kitambaa kimoja kati ya vile alivyovua, akaizungushia bangili yangu, pole pole, mpaka shaba ikapotea, akafunga fundo kwa meno.

"Mimi nimevua," akaniambia sikioni. "Wewe mngojee."

Nami nikangoja. Niliingoja saa ya baba mwaka ule na uliofuata, kitambaa kikioza kinabadilishwa, mpaka bangili ikanibana na fundi akaikata. Kujua nilijua siku nyingine kabisa, nikitoka mtoni na maji kichwani. Niliona boma la jirani aliyefiwa na mume. Mjane anavuliwa shaba, shemeji zake wamefunga zao kwa vitambaa, kama mama na kogo walivyofunga siku walipoanza kuhofia, na binti zake wamepanga foleni wakimkabidhi mzee bangili zao mmoja mmoja. Sikumwaga maji. Nilifika nyumbani, nikatua mtungi, nikamtazama mama, naye akanitazama akajua kwamba najua. Tulikula wimbi kwa maziwa kama siku zote.

Mama hakuvaa shaba tena hadi juzi nilipomzika. Na kikebe hakukifungua, kwa sababu hakujua kusoma, au kwa sababu zake. Ni mimi niliyekifungua pale sakafuni. Karatasi imekuwa njano, mikunjo imetoboka. Alama za vidole kumi zimepangwa safu mbili, na gumba la kushoto limekatwa katikati na mstari mweupe. Nikaweka gumba langu juu yake. Kovu lile lile, nililokuwa nikilishika.

Chini kuna mabwana aliowatumikia. Wa chai ameandikwa siku ya kuingia na siku ya kutoka, na sahihi. Wa dhahabu ameandikwa siku ya kuingia. Upande wa kutoka hakuna kitu. Hakuna aliyejisumbua kuandika. Nimeigeuza karatasi, nimeisogeza dirishani, nimevaa miwani nyingine. Ni peupe. Kwa karatasi hiyo ya serikali, baba yangu bado yuko kazini.

Nikafuta macho. Nikachukua mkufu, nikachukua kikebe, nikavijaribu. Kulabu ilikuwa ngumu kwa kutu, nikaitia siagi, ikafunguka, ikashika. Sasa mwenye kuviunganisha nimebaki mimi tu. Nikavitia kwenye mfuko wa sweta.

Jioni mjukuu wangu mdogo, yule asiyependa kulala, alikuja kunivuta nguo pale nje. "Kogo, saa ngapi?"

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikavuta mkufu taratibu, nikakitoa kikebe kwenye kiganja, nikafumba jicho moja. Jua lilikuwa limekwisha zama nyuma ya chai. Nikatazama njia.

"Bado mapema, mama," nikamwambia.